Mzee Huulizwa kwa Kiswahili Kipi?

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba mwenye shida iliyo wazi hahitaji kuhojiwa bali kusaidiwa. Utafiti wa afya ya jamii, kwa bahati mbaya, hauna njia nyingine ila kuuliza. Tabibu wa zahanati aweza kumlaza mzee mmoja kitandani akampima; mtafiti anayetaka kujua hali ya wazee wa mtaa mzima hana budi kuwatuma vijana wenye hojaji nyumba kwa nyumba. Vijana hao wanapoingia Korogocho au Viwandani, jijini Nairobi, hawabebi mizani na mashine ya presha pekee. Wanabeba pia Kiswahili. Lugha hiyo nayo ni kipimo, na kipimo chenye hitilafu hutoa tarakimu zenye hitilafu. Jambo hili limepuuzwa na watafiti wa afya, na limepuuzwa zaidi na wale ambao Kiswahili ndiyo taaluma yao.

Mitaa hiyo miwili haikutajwa kwa kubahatisha. Mapema miaka ya 2000, Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Barani Afrika (APHRC), chenye makao yake Nairobi, kilianza kuzifuatilia kaya za Korogocho na Viwandani na kunakili nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia na nani kahama. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha utafiti wake kuhusu uzee na afya, ujulikanao kwa kifupi kama SAGE, sehemu yake moja ilifanywa mwaka wa 2006 na 2007 katika vituo vinane vya Afrika na Asia. Nairobi ilikuwa kimojawapo. Ifakara, nchini Tanzania, kilikuwa kingine. Zaidi ya watu 2,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea walihojiwa katika mitaa hiyo ya mabanda. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010 na Catherine Kyobutungi, Thaddaeus Egondi na Alex Ezeh katika jarida la Global Health Action. Walibainisha kwamba afya ilizidi kudhoofu kadiri umri ulivyosogea, na kwamba wanawake waliripoti hali duni kuliko wanaume.

Thamani ya kazi hiyo haina ubishi. Kwa muda mrefu mzee wa mjini alichukuliwa kuwa msafiri tu, ambaye nguvu zikimwishia atarejea mashambani akatunzwe na jamaa. Kumbe wapo waliozeekea mabandani, wasio na shamba la kurejea wala jamaa wa kuwapokea. Katiba ya mwaka wa 2010 humwita mzee yeyote aliyepita miaka 60, na kifungu chake cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia na dola. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu takriban milioni 2.7 wa umri huo katika taifa la watu milioni 47.6. Serikali haiwezi kutimiza ahadi hiyo pasipo kujua wazee wanaumwa nini. Itajua kwa kuuliza, na hapo ndipo mashaka yanapoanzia.

Swali la mwanzo katika hojaji za aina hii huwa jepesi kwa sura: kwa jumla, afya yako leo ikoje? Mhojiwa huchagua jibu moja kati ya matano, kuanzia nzuri sana hadi mbaya sana. Wepesi wa swali hili ni wa juujuu. Utafiti wa miongo mingi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba jibu lake huweza kubashiri nani atakufa mapema, na kwa sababu hiyo halikosekani katika tafiti za wazee. Lakini swali hilo likifikishwa kwa nyanya wa miaka 74 katika chumba chake cha mabati, hugeuka kuwa kitu kingine kabisa.

Katika Kiswahili, kuulizwa hali ni kuamkiwa, na anayeamkiwa hana hiari ya kuanza na baya. Hujambo hujibiwa sijambo hata na aliyelazwa. Habari hujibiwa njema, nzuri au salama hata na aliyefiwa. Baya, likiwapo, hufuata baada ya kiunganishi: sijambo, ila mguu, nzuri, lakini usiku silali, tunamshukuru Mungu, isipokuwa haya macho. Kila mzungumzaji wa lugha hii anafahamu kwamba habari yenyewe imekaa baada ya “ila”, na kwamba neno la kwanza ni adabu tu. Hojaji haina kisanduku cha “ila”. Kijana husikia nzuri, hutia alama penye nzuri, na mguu, usingizi na macho hubaki chumbani na mwenyewe. Kilichonakiliwa hapo ni malezi mema ya nyanya. Afya yake haijanakiliwa.

Utata hauishii hapo. Mgonjwa akisemwa kuwa “hajambo”, mara nyingi husemwa hivyo kwa sababu amepata nafuu, wala si kwa sababu amepona. Anayesema “sijambo kidogo” anakiri kwamba bado anaumwa, ila si kama jana. Maneno haya yanapima mwendo wa ugonjwa, yaani umetoka wapi na unaelekea wapi, ilhali ngazi tano za hojaji zinapima mahali mtu aliposimama siku hiyo. Mizani hizi ni mbili tofauti. Hata neno “wastani”, ambalo watafsiri hulipenda kwa ngazi ya katikati, ni neno la hesabu na ripoti za shule. Mzee ambaye hakusoma ana “hivi hivi tu” na “naendelea polepole”, na hakuna awezaye kuapa kwamba misemo hiyo na wastani ni kitu kimoja.

Turudipo kwenye tofauti ya wanawake na wanaume, yawezekana kabisa kwamba wanawake wazee wa Korogocho wanaumwa zaidi. Dhiki ya maisha yao inatosha kuwa sababu, na vituo vingine vya utafiti huo vilielekea huko huko. Hata hivyo, mwanaisimujamii angelazimika kuuliza ni nani aliye na ruhusa ya kusema “ila” mbele ya kijana mgeni. Mwanamume aliyeishi akijulikana kwa nguvu zake hulionea haya neno hilo. Huenda basi sehemu ya tofauti iliyoripotiwa ni ya mwili na sehemu ni ya usemi. Takwimu peke yake haiwezi kuzitenga sehemu hizo. Anayeweza kusaidia kuzitenga ni mtu aliyesomea mazungumzo.

Suala la tafsida linaeleweka vyema zaidi katika idara za Kiswahili kuliko kokote kwingine, na bado hakuna anayeitwa kulitatua. Tangu Sidney Katz na wenzake watoe kipimo chao mwaka wa 1963, wazee duniani huulizwa kama waweza kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani, kuzuia haja na kula bila kusaidiwa. Kwa Kiingereza cha hospitali maswali haya hayana aibu. Kwa Kiswahili, mtafsiri mwenye haya huandika: je, unaweza kujisaidia bila msaada? Mzee mmoja ataelewa choo. Mwingine ataelewa riziki, na kujibu kwa uchungu kwamba tangu mwanawe afariki hawezi tena kujisaidia. Majibu yote mawili yatakuwa “hapana”, na mwishoni yatajumlishwa pamoja kama ulemavu wa aina moja. Mtafsiri asiye na haya naye huliandika jambo lilivyo, na kijana wa miaka 23 hulazimika kumtamkia mwanamke wa umri wa nyanya yake maneno ambayo hangethubutu kuyatamka nyumbani kwao. Ama kijana ataliruka swali na kubuni jibu, ama nyanya atakanusha upesi ili yaishe. Kuna njia ya tatu, nayo ni kuupanga mzunguko wa maneno kwa uangalifu, unaostahi pasipo kuficha, na kumfundisha mhojaji namna ya kuufikia. Hiyo ni kazi ya kitaalamu, na haiwezi kukamilishwa na karani kwa alasiri moja.

Wataalamu wa Kiswahili hawawezi kuwanyooshea wenzao kidole kisha wakajisahau. Katika majina ya maradhi, kosa lina uso wao. Kwa miongo mingi wameunda istilahi, wakazipanga katika kamusi, wakafurahia usanifu wake. Kamusi ya Tiba ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ni mfano wa bidii hiyo, na ni bidii ya kuheshimiwa. Lakini mzee wa Viwandani hana “shinikizo la damu”, ana presha. Hana “kisukari”, ana sukari. Pengine “kiharusi” hakijui, anajua kwamba jirani alipooza upande. Akiulizwa kwa istilahi ya kamusi kama amewahi kuambiwa ana ugonjwa huo, atasema la, naye atakuwa mkweli. Mwandishi wa ripoti atahitimisha kwamba maradhi hayo ni haba mtaani, au kwamba wazee hawajapimwa. Hapo usanifu unaopiganiwa katika makongamano unakuwa umemnyima mtu tiba. Kujua “presha” pembeni mwa “shinikizo la damu” hakuipunguzii lugha hadhi hata chembe, kunaipa kazi.

Ugumu huzidi penye maradhi ya nafsi. Hojaji mashuhuri ya kupima sonona, PHQ-9, ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Imewahi kujaribiwa nchini: Patrick Monahan na wenzake walichapisha mwaka wa 2009 matokeo ya kuitumia miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya. Majaribio kama hayo ni hatua njema. Lakini ufaafu wa hojaji kwa kundi moja hauhamishiki hivi hivi kwa kundi lingine. Neno “sonona” lenyewe halisikiki sana mitaani Kenya. “Huzuni” ni ya msiba. Mzee mwenye maradhi hayo hunena kwamba ana mawazo mengi, kwamba moyo ni mzito, kwamba roho imechoka, au kwamba mwili mzima unauma na hospitali hawaoni kitu. Msemo wa mwisho ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa hauna hata harufu ya maradhi ya nafsi katika sikio la asiyejua, na mzee hurudishwa nyumbani na dawa za maumivu.

Kabla ya maswali yote hayo hutangulia idhini. Azimio la Helsinki la mwaka wa 1964 na kanuni zilizolifuata zinataka mhojiwa akubali kwa hiari baada ya kuelewa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 nayo inamtaka mhudumu, inapowezekana, kumweleza mgonjwa mambo kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Fomu za idhini za utafiti zina kipengele kinachoeleza kwamba mhojiwa alichaguliwa pasipo upendeleo, kwa njia ya nasibu. Anayetafsiri kwa kamusi tu huandika “bahati nasibu”, na mzee husikia kwamba ameshinda. Si ajabu kusikia hivyo. Mpango wa Inua Jamii, uliopanuliwa mwaka wa 2018 ili uwafikie wenye miaka 70 na zaidi, umekuwa ukitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na waliosajiliwa walisajiliwa na vijana wenye fomu. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kuna maswali mengine tena kuhusu kaya, ambayo hutumiwa kukadiria mchango wa asiye na ajira rasmi. Machoni pa mzee, vijana hawa wote ni wamoja: wamekuja kuandika, na kuandikwa ni mlango wa kupata. Sentensi moja ya fomu isemayo kwamba utafiti hauna malipo haitoshi kuuondoa uzoefu wa miaka. Mzee anayekubali kwa kutumaini posho hajaridhia utafiti, hata akitia kidole gumba.

Watafiti wana jibu lao. Watasema kwamba hojaji zao hutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine huzirejesha katika Kiingereza, na nakala mbili za Kiingereza hulinganishwa. Utaratibu huu, ulioenezwa na Richard Brislin kwa makala yake ya mwaka wa 1970, ni bora kuliko kutofanya lolote. Kasoro yake ni kwamba humlinganisha msomi na msomi. Wote wawili wanajua Kiingereza, na wote wanaweza kukisia maneno ya asili yalikuwaje. “Kujisaidia” kutarejeshwa kama choo bila tatizo lolote, kwa kuwa mrejeshaji anajua hojaji inahusu nini. “Shinikizo la damu” litarejeshwa kwa ukamilifu. Tafsiri inaweza kufaulu mtihani huu kwa alama zote na bado isieleweke nyumba ya pili kutoka ofisini. Hakuna mzee aliyeulizwa.

Kwamba inawezekana kufanya vyema zaidi, ushahidi uko jirani. Kipimo cha kumbukumbu kilichozoeleka duniani, kilichotungwa Marekani mwaka wa 1975, humtaka mhojiwa aandike sentensi, anakili pembetano mbili zilizoingiliana, na apunguze saba saba kuanzia mia moja. Humtaka pia arudie kifungu cha Kiingereza ambacho karibu chote ni viunganishi, kifungu ambacho kikitafsiriwa neno kwa neno huwa upuuzi mtupu. Mzee asiyejua kusoma hushindwa kabla ya kuanza, na huandikiwa kwamba akili inamtoka. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliokadiria mwaka wa 2013 kwamba asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni walilitambua tatizo hilo. Kutokana na kazi ya huko kulitungwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, ambacho baadaye kilijaribiwa Nijeria pia. Humo mzee huulizwa mkuu wa kijiji ni nani, hutaja majina ya wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja, na huunda umbo kwa njiti za kiberiti. Hapimwi shule ambayo hakuwahi kuiona.

Ugonjwa huo wa kusahau unadai uangalifu kwa sababu nyingine iliyo karibu na nyumbani. Katika kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine wamelazimika kuyahama makwao ili kuokoa maisha. Si kila tuhuma inatokana na maradhi. Mashamba yana sehemu yake, na pengine kubwa. Lakini bibi anayerandaranda usiku, anayezungumza peke yake na kuwasahau wajukuu, huwa na jina tayari katika kinywa cha jirani kabla mhudumu wa afya hajampa jina lingine. Lugha isiyo na neno jepesi la kuutaja ugonjwa huo humwachia mchawi nafasi. Hapa uundaji wa istilahi, ambao umekosolewa hapo juu, ndipo unapohitajika kwa dhati, ila uanzie kwa wanaowatunza wagonjwa badala ya kuanzia kamusini.

Kuna pingamizi moja zito zaidi ya hilo la watafiti. Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya wazee wengi wa mitaa hii. Wapo waliolelewa kwa Kikuyu, Kijaluo, Kikamba, Kiluhya, Kisomali au Kiborana, na Kiswahili chao ni cha sokoni na kiwandani. Maumivu huja kwa lugha ya mama. Anayedai kwamba Kiswahili sanifu kitatatua kila kitu anarudia kosa la Kiingereza katika ngazi ya chini yake. Hili ni kweli, na wanaokipigia Kiswahili debe wangefaa kulikubali bila kinyongo. Hata hivyo, Kiswahili ndicho daraja ambalo hojaji nyingi hupitia hadi kuzifikia lugha hizo: mhojaji huwa na karatasi ya Kiswahili mkononi, huku akitafsiri papo hapo kwa lugha ya mzee. Daraja likiwa limepinda, kila avukaye hupinda.

Kuhusu matokeo, maneno machache yatatosha. Huchapishwa kwa Kiingereza. Baadhi ya taasisi huandaa mikutano ya mtaani ya kurejesha habari, na zinastahili pongezi, lakini mkutano wa saa mbili si maandishi ambayo mjukuu anaweza kumsomea babu yake. Majarida ya wanafunzi wa Kiswahili yana kurasa za kutosha kwa muhtasari kama huo, na hayaombwi.

Nafasi iliyo wazi kuliko zote haijatajwa bado. Hojaji kama ya SAGE zilikuwa na visa vifupi vya watu wa kubuni: fulani anatembea umbali kadhaa bila shida lakini huchoka akipanda ngazi, je, ungesema ana tatizo kiasi gani? Kwa kulinganisha majibu ya watu kuhusu mhusika huyo mmoja, mtafiti hujua kila jamii inamaanisha nini inaposema tatizo “kidogo” au “kubwa”. Ni hadithi za sentensi tatu nne. Zina mhusika, mandhari na tukio, na kufaulu kwake kunategemea iwapo mzee wa Korogocho atamwona mhusika huyo kuwa jirani yake. Ngazi za ghorofa hazimfai. Mtungi wa lita ishirini kutoka kioski cha maji hadi mlangoni unamfaa. Watu waliofunzwa kutunga na kuchambua hadithi za namna hii wako katika idara za Kiswahili, wakitafuta mada za tasnifu na baadaye wakitafuta ajira.

Idara hizo hazihitaji kungoja kualikwa. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kuchukua hojaji moja iliyokwisha kutumiwa, akaketi na wazee ishirini, akawaomba waseme kwa maneno yao kila swali linauliza nini, na akaandika kila mahali walipoelewa vingine. Tasnifu hiyo ingesomwa na watu wa afya. Kamati za maadili nazo zinaweza kutaka, kabla ya kuidhinisha utafiti wowote wa wazee, kwamba fomu ya Kiswahili iwe imesomwa kwa sauti mbele ya wazee kadhaa na marekebisho yao yaambatishwe. Na katika karatasi ya kwanza ya kila hojaji, pale ambapo huandikwa jina la mtafiti mkuu, la mfadhili na la taasisi, liandikwe pia jina la aliyeitafsiri, ili mtu ajue ni nani wa kuulizwa kuhusu neno “kujisaidia”.